Komadre Asiyeomba Kitu

Ukitaka kumjua Doña Casilda Apaza, muuza supu wa soko la juu kule La Paz, usianze na supu. Anza na ulimi. Mwanamke yule alikuwa na mdomo, jamani! Siku moja polisi aliipiga teke sufuria yake, eti imeziba njia. Casilda akamwogesha matusi mbele ya soko zima, kuanzia kofia yake mpaka bibi yake mzaa mama, hata yule polisi akainama mwenyewe, akaiokota sufuria, akauliza kama kifuniko kimepinda. Padri alimwogopa. Mumewe, akivaa miwani siku ya mshahara, alikuwa anavua viatu mwanzo wa uchochoro ili asisikike akiingia. Basi mtu wa mdomo huo alishindwa kusema mbele ya mtu mmoja tu maisha yake yote, na kushindwa kule ndiko kulikomla moyo.

Mtu mwenyewe ni don Leoncio Terrazas, yule aliyewahi kuwa rais wa muda. Lakini Casilda alimjua kabla hajawa don wala hajawa rais wa chochote. Alikuwa Leoncio tu, kijana mwembamba kutoka mabonde ya mahindi huko chini, mtoto wa mwendesha nyumbu wa mizigo, aliyepanda mlimani kusomea sheria akiwa na mashati mawili na kikohozi. Alipanga chumba kwenye ua uleule alioishi Casilda na mumewe. Wakati huo Casilda ndiyo kwanza anaanza kuuza chairo, ile supu ya nyama kavu na viazi vyeusi vilivyokaushwa kwa barafu, na kila jioni sufuria ikibaki na chochote chini alikuwa anagonga mlango wa yule mwanafunzi.

"Kula. Usije ukafia hapa, tukapata kazi ya kukubeba."

"Asante, Doña Casilda. Leo sina njaa sana."

"Kwani nimekuuliza? Kula!"

Naye anakula mpaka anapitisha kidole kwenye bakuli.

Casilda alikuwa na mtoto mmoja tu, Nazario. Kule mtoto hakatwi nywele mpaka aanze kusema, na anayemkata mara ya kwanza ndiye anakuwa padrino wake, yaani baba yake wa pili, mpaka kaburini. Nazario alipoanza kutamka maneno yake mawili matatu, nywele zimemfika mabegani na watoto wa jirani wanamwita msichana, Casilda akamwendea Leoncio.

"Utamkata wewe."

"Mimi? Doña Casilda, hebu niangalie vizuri. Nitampa nini mtoto? Mwombe mwenye kiwanda cha mishumaa."

"Mwenye mishumaa ana kitambi. Wewe una kichwa. Nataka mwanangu apate kichwa."

"Kichwa chenyewe kina njaa."

"Njaa niachie mimi. Wewe shika mkasi."

Leoncio akashika mkasi, akakata kishungi cha kwanza, akakifunga kwa utepe wa kijani aliouchomoa kwenye kitabu chake cha sheria. Zawadi hakuwa nayo. Akavua poncho yake ya sufu, aliyofumiwa na mama yake, akamfunika mtoto. Majira ya baridi ya mwaka ule alikohoa mpaka majirani wakaanza kuulizana mahali pa kupata jeneza. Lakini hakuidai poncho yake, na Casilda hakulisahau jambo lile.

Tangu siku hiyo wakaitana kompadre na komadre, baba na mama wa mtoto mmoja. Kwa watu wale, huo si mchezo. Ndugu wa tumbo moja unaweza kugombana naye mkazikana bila kusemezana, lakini kompadre, hapana. Na kompadre haombwi ovyo. Mwenye shida huenda na chakula. Hukaa. Huzungumza habari za mvua, za bei ya viazi, za nani kazaa na nani kaolewa. Akiulizwa watu wa nyumbani hawajambo, husema hawajambo, hata kama mmoja wao anakata roho. Shida yenyewe haiguswi mpaka mwenye nyumba aulize mwenyewe: "Haya, komadre, moyo umebeba nini?" Hapo ndipo mtu hufungua mdomo. Kusema kabla hujaulizwa ni kumgeuza kompadre wako kaunta ya duka.

Leoncio aliijua desturi hiyo kama jina lake. Mgodi ulipomfukia mume wa Casilda, yeye ndiye aliyefika wa kwanza, na hakungoja hata kukaa. "Komadre, moyo umebeba nini?" Casilda akasema, na Leoncio akaenda ofisi baada ya ofisi mpaka mjane akapata kibanda chake sokoni, chenye bati juu, ambacho hakuna polisi angeweza kukipiga teke.

Halafu vyeo vikaanza kumfuata yule mtu. Akawa karani wa mahakama, akawa hakimu, akawa jaji, akawa mkubwa wa majaji wote. Mtaa ukashuka naye, maana katika mji ule tajiri anakaa chini kwenye joto na maskini anakaa juu kwenye upepo. Rushwa hakula, hata ya yai. Mkewe alikuwa analalamika wazi mbele ya wageni kwamba mahakimu wa wilaya wanakula kuku, na wao wanakula heshima. Alhamisi alikuwa bado anapanda sokoni kula chairo, amesimama, koti zito limefungwa mpaka shingoni. Baadaye Alhamisi zikapungua, kisha zikakatika. Casilda hakununa. Mtu mkubwa ana mambo makubwa, alisema, na yeyote aliyejaribu kumsengenya kompadre wake kwenye foleni ya supu alirudi nyumbani na njaa yake.

Nazario naye akakua, akawa fundi viatu, kijana mpole asiye na hata robo ya mdomo wa mama yake. Umri ulipofika akachukuliwa jeshini kama wenzake. Na ulikuwa mwaka mbaya wa kuwa askari, kwa sababu ndio mwaka ambao watu walimwinukia rais wao. Mji ulijaa mawe na moshi. Kikosi cha Nazario kiliwekwa kwenye daraja, kikaamriwa kufyatua. Watu wakafa pale, wengi wakiwa wanafunzi. Nazario aliapa kwamba alipiga hewani, lakini risasi hazina jina la mtu. Serikali ilipoanguka, askari wote wa darajani walikamatwa na kutiwa gerezani, na ikasemwa wazi kwamba hawa watapelekwa mabondeni mashariki, kwenye misitu ya homa, kufyeka njia. Mtu wa mlimani kule hamalizi masika mawili.

Wakati huohuo wakubwa walikuwa wanatafuta mtu wa kushika nchi mpaka uchaguzi. Makanali hawakuaminiana. Matajiri hawakuwaamini makanali. Wakapekua nchi nzima kutafuta mikono misafi, wakaikuta kwa mkubwa wa majaji. Don Leoncio alikataa, wakamsihi, akakataa tena, mwisho akavikwa ule mshipi wa rais huku akilia, na waliokuwepo wanasema si machozi ya furaha.

Habari ilimfikia Casilda kwa mdomo wa Doña Petrona, muuza viazi wa kibanda cha pili.

"Casilda! We Casilda! Kompadre wako kawa rais! Sasa soko letu litapata choo!"

Casilda aliacha mwiko ukazama ndani ya sufuria. Akakaa chini kwenye gunia, akafunika uso kwa shali, akalia kwa sauti. Petrona akadhani analia choo.

"Mwanangu amepona," Casilda akasema. "Petrona, mwanangu amepona. Ni padrino wake! Neno moja tu, na mlango unafunguliwa."

Jumapili akaenda gerezani. Nazario alikuwa amekonda, midomo imepasuka kwa baridi, lakini macho yalikuwa yanacheka.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Utakwenda?"

"Kwani nina miguu ya nini?"

Akaenda. Aliamka kupika mapema, akachagua nyama yeye mwenyewe, akaifunga sufuria kwa shali na kuibeba mgongoni kama mtoto mpaka ikulu, akazungukia mlango wa jikoni. Mpishi alimjua, akampitisha. Don Leoncio alikuwa kwenye kijichumba kidogo nyuma ya ofisi, amezungukwa na makaratasi, nywele zimekuwa nyeupe zote. Alipoinusa ile supu tu akasimama.

"Komadre! Mungu wangu. Komadre!"

Alikula mabakuli mawili bila kupumzika. Wakazungumza habari za mvua. Wakazungumza viazi. "Nazario hajambo?" akauliza, kijiko kiko mdomoni.

"Hajambo, kompadre. Anakuamkia."

"Kijana mzuri yule. Mpole." Akaweka bakuli chini, akajifuta ndevu, akamtazama Casilda mpaka macho yakamlegea. Casilda akajiweka sawa. Sasa ataniuliza, akajisemea. Maneno yote alikuwa ameyapanga njiani, mafupi, yenye adabu.

"Komadre," don Leoncio akasema, "unajua tangu nivae mshipi huu kila anayeingia mlango ule ananyoosha mkono? Kila mtu! Watu wa bondeni kwetu, ambao hawakunijua nilipokuwa natema mapafu, leo wote wajomba zangu. Mmoja anataka forodha, mwingine anataka ubalozi. Na wewe umekuja na sufuria. Wewe peke yako umeniletea kitu badala ya kuja kuchukua."

Akamshika mkono, akaubusu. Mkono wa muuza supu, wenye harufu ya kitunguu! Casilda alingoja lile swali. Halikuja. Katibu alichungulia, mtu fulani alikuwa anangoja, na Casilda akajikuta yuko nje na sufuria tupu.

"Umesema?" Petrona akamuuliza.

"Hakuniuliza."

"Hakukuuliza! Ebo! Mwanao yuko ndani, wewe unangoja kuulizwa? Wewe uliyemtukana polisi mpaka akaokota sufuria?"

"Polisi si kompadre wangu, Petrona. Safari ya kwanza ni ya kusalimia tu. Ataniuliza."

Jumapili Nazario akauliza, naye Casilda akaona aibu ya kumwambia mtoto aliye gerezani kwamba mama yake alizungumza habari za viazi. "Nimesema naye," akajibu. "Amesema tusubiri kidogo." Neno lilimtoka hivihivi. Nazario akamkumbatia kupitia vyuma, akaanza kuwaambia wenzake kwamba padrino wake ndiye rais, na mama yake keshasema naye.

Safari ya pili Casilda alipiga moyo konde. Aliapa mbele ya Petrona kwamba asipoulizwa atasema tu, na adabu ijifie. Lakini siku hiyo don Leoncio hakuwa peke yake. Mawaziri walikuwa wamekaa mezani, mabwana wa tai na saa za mnyororo, na alipomwona mlangoni akainuka, akamshika bega, akamwingiza katikati yao.

"Mabwana, mnamwona mama huyu? Huyu ni komadre wangu. Alinilisha nilipokuwa sina kitu. Na ndiye mtu pekee katika nchi hii nzima ambaye hajaniomba jambo hata moja!"

Mabwana wakapiga makofi. Kweli, wakapiga makofi, na mmoja akampisha kiti. Na hapa lazima isemwe, kwa sababu yeye mwenyewe alikuja kuisema baadaye kwa uchungu: Casilda alifurahi. Masikio yalimwaka moto, lakini ndani alivimba kichwa. Mwanamke wa soko, mjane wa mchimba madini, anapigiwa makofi na serikali! Angesema nini tena baada ya hapo? Angewezaje kufungua mdomo na kuwa kama wale wengine, mbele ya macho yale yaliyokuwa yanamsifu? Akawagawia supu, akaondoka.

"Amesema tusubiri," akamwambia Nazario.

"Mama, wanasema malori yanakuja."

"Hayaji. Padrino wako yupo."

Lakini malori yalikuwa njiani kweli, soko zima lilikuwa linasema. Ndipo Casilda akaenda safari ya tatu, na safari hii hakupika. Aliteremka mikono mitupu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote, shali limekaa upande, njiani anasema peke yake kama kichaa: Nazario yuko ndani, kompadre, nitolee mwanangu. Nazario yuko ndani, kompadre, nitolee mwanangu. Alikuwa tayari kulitamka mlangoni kabla ya salamu.

Don Leoncio alikuwa peke yake kwenye kile kijichumba. Taa haikuwashwa. Aliinua uso, na uso wenyewe ulikuwa wa mtu aliyetoka msibani.

"Komadre, ni wewe. Afadhali ni wewe. Funga mlango. Leo amekuja dada yangu. Mtoto wake alikuwa kwenye ile serikali ya zamani, amekamatwa. Alinipigia magoti, komadre. Dada yangu aliyenibeba mgongoni! Nimemwambia sheria ni ya wote, nikimtoa wangu itabidi niwatoe wote. Amenilaani, amelilaani na kaburi la mama yetu. Sitamwona tena." Akamshika Casilda mkono kwa mikono yake miwili. "Kaa na mimi kidogo. Usiseme kitu. Umebaki wewe tu."

Casilda akakaa. Ule mdomo, jamani, mdomo ule! Angesema sasa angejibiwa nini? Angejibiwa kama dada, na lile tumaini moja lililobaki lingekufa palepale mbele yake. Na asiposema? Akajipa moyo kwamba kesho atakuwa amepoa, kesho atauliza mwenyewe. Mzee akalala kitini, bado amemshika mkono, anakoroma kidogo kama alivyokuwa anakoroma kwenye chumba chake cha uanafunzi. Casilda akauchomoa mkono taratibu asimwamshe, akaondoka.

Malori yalikuja wiki ileile. Casilda alikimbia nyuma yao mpaka mteremko wa mwisho, na Nazario akainuka katikati ya wenzake, akapaza sauti, "Usilie, mama! Padrino atatuma mtu!" Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia kwake.

Don Leoncio alifanya uchaguzi alioahidi, akamkabidhi mshipi aliyeshinda, akarudi nyumbani kwa miguu, na watu wakamvulia kofia njia nzima. Hakukaa sana. Serikali ile nayo ilipinduliwa, waliokuja wakaanza kuwasaka wote waliopata kushika madaraka, na mzee akavushwa ziwani kwa mashua ya matete, akaenda kuishi ugenini upande wa pili wa milima. Mkewe akafia huko.

Na Nazario alifia msituni. Habari ililetwa na mwenzake, Clemente, aliyerudi akiwa ngozi na mifupa, manjano kama ndimu. Alikaa kibandani, akapewa supu, hakuweza kuimeza.

"Alikuwa anasema kila siku padrino atatuma mtu," Clemente akasema. "Hata homa ilipomshika. Anasema mama keshasema naye, ni njia tu iliyo mbaya."

"Mpaka mwisho?"

Clemente akaangalia chini.

"Niambie, mwanangu. Mpaka mwisho?"

"Siku za mwisho alibadilika kidogo, Doña Casilda. Alikuwa ananiuliza, 'Clemente, au mama hakusema?' Mimi nikamwambia alisema, bwana, mama gani hawezi kusema. Akawa ananyamaza. Kisha anauliza tena."

Casilda hakulia. Alimfunika Clemente shali, akamwambia apumzike. Tangu siku hiyo soko halikumsikia akimtukana mtu. Wateja wakaanza kuukosa mdomo wake, wengine wakamchokoza makusudi, wakasema chairo imezidi chumvi. Naye anawaongezea maji ya moto, basi. Petrona aliwafukuza kwa mzizi wa muhogo, akasema mwacheni mama wa watu.

Kila mwanzo wa Novemba wafu hurudi majumbani, wanaingia adhuhuri, wanalala, wanaondoka adhuhuri ya pili. Hupangiwa meza yenye kitambaa cheusi, mikate ya umbo la watoto yenye nyuso za rangi, ngazi ya mkate ya kupandia mbinguni, miwa, maua ya vitunguu na chakula walichokipenda. Wapita njia huingia, huomba dua kwa jina la marehemu, hupewa mkate. Meza hiyo hupangwa miaka mitatu. Mwaka wa tatu marehemu huagwa, na anachokwenda nacho siku hiyo moyoni ndicho anachokwenda nacho moja kwa moja.

Casilda alipanga ya kwanza, akapanga ya pili. Kaburi hakuwa nalo, picha hakuwa nayo. Katikati ya mikate aliweka kile kishungi cha nywele za kwanza, kimefungwa utepe wa kijani. Na kila mwaka alikaa mbele ya meza na kushindwa kufungua mdomo. Angemwambia nini mtoto wake? Kwamba mama yake alikuwa anapigiwa makofi?

Mwaka wa tatu, siku ya kuaga, jua limekwisha kupanda, mzee mmoja akaingia uani. Koti lake lilikuwa zito na la zamani, limefungwa mpaka shingoni, viatu vimekwisha visigino. Serikali ilikuwa imemruhusu arudi kufa kwao. Alifika sokoni kutafuta supu, akakuta kibanda kimefungwa, akapanda mpaka ule ua. Hakuna aliyemtambua. Mwanamke mmoja aliyekuwa anatoka na mkate alimwambia apite tu, babu, hapa wanagawa vizuri.

"Komadre," akasema mlangoni.

Casilda aligeuka. Akamwonyesha kiti kilicho mbele ya meza, akampakulia chairo, kwa sababu mgeni anayekula siku hiyo anakula kwa niaba ya marehemu. Don Leoncio akalishika bakuli kwa mikono miwili, machozi yanamtoka kwa ule mvuke na kwa uzee.

"Nimezunguka sana, komadre. Walionizunguka wote wamenikimbia. Huko ugenini usiku nilikuwa nakuwaza wewe. Nilikuwa namwambia marehemu mke wangu, yupo mtu mmoja kule juu ambaye hajaniomba..."

Hapo macho yake yakaanguka mezani. Akautazama utepe. Akaweka bakuli chini, akanyoosha kidole, asiguse.

"Huu ni utepe wangu."

"Ni wako, kompadre."

"Ni nywele za Nazario. Komadre, Nazario amekufa? Lini? Mbona..."

"Amekufa msituni kwa homa. Alikuwa askari wa darajani. Alikamatwa wiki uliyovishwa mshipi."

Mzee alifungua mdomo kama samaki aliyetolewa majini.

"Ulipokuja na sufuria alikuwa ndani?"

"Alikuwa ndani."

"Mara zote?"

"Mara zote."

"Mbona hukuniambia! Mwanangu! Niliyemkata nywele kwa mkono wangu! Mbona hukuniambia, mwanamke wewe!"

"Mbona hukuniuliza?" Casilda akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sauti yake ilipanda. "Ulijua desturi! Mume wangu alipokufa uliniuliza kabla hujakaa. Ulipokuwa rais ulinisifu. Ulinisifu mbele ya watu, kompadre, ukanifunga mdomo kwa sifa, na mimi mjinga nikazipenda!"

Don Leoncio akajifunika uso. "Ningemtoa," akasema ndani ya viganja. "Haki ya Mungu ningemtoa."

"Labda. Na labda ungenijibu kama ulivyomjibu dada yako. Mimi sitajua, na wewe hutajua."

Mabega ya mzee yalikuwa yanatikisika. Nje watu walikuwa wameanza kukusanya mikate yao, jua linakaribia utosini.

"Niombe sasa," mzee akasema hatimaye. "Sina cheo, sina nyumba. Lakini niombe, komadre. Moyo umebeba nini?"

Miaka yote ile, swali lenyewe ndilo hilo. Casilda alikaa karibu naye, akamsimulia maneno ya Clemente: padrino atatuma mtu, kisha lile la mwisho, au mama hakusema.

"Anaondoka leo," akasema. "Sitaki aende na neno hilo. Mwambie nilisema. Mwambie nilikupigia magoti, nikakusihi, na wewe ukanikatalia."

Don Leoncio alimtazama. Mtu yule maisha yake yote hakuwa na mali nyingine ila hiyo, kwamba hakuna wa kumnyooshea kidole. Uchaguzi aliufanya, mshipi aliurudisha, rushwa hakula. Hilo ndilo alilorudi nalo kutoka ugenini, chini ya koti lililochakaa.

"Ni uongo, komadre," akasema polepole.

"Ni uongo. Ndilo ombi langu."

Kengele za kanisa zikaanza kulia adhuhuri. Mzee akashuka kitini kwa taabu, goti moja, kisha la pili, akashika ukingo wa kitambaa cheusi. Sauti yake ilikuwa ileile aliyotumia kusoma hukumu.

"Nazario, mwanangu. Mimi ni padrino wako. Mama yako alikuja kwangu mara tatu. Alinisihi, akanililia, akanipigia magoti. Nilikuwa na uwezo wa kukutoa, nikakataa. Yeye alisema. Ni mimi niliyekataa."

Kengele zikanyamaza. Casilda alikuwa analia wazi, mdomo wazi, bila kujifunika. Akachovya ua la kitunguu kwenye maji, akainyunyizia meza kumbariki marehemu, akazima mshumaa. Kisha akachukua mkate mmoja wa umbo la mtoto, mkubwa kuliko yote, akauweka mikononi mwa mzee aliyekuwa bado amepiga magoti, kama anavyopewa kila aliyemwombea marehemu, naye akaupokea.